Makaa ya Tumbaku kwa Mzee wa Kanisa

Mama Générose mpendwa, wewe unayetushauri gazetini, nisaidie, maana nina furaha na hofu kwa pamoja. Vita vilitutoa kwetu Fizi mwaka 1998, sasa tuko hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ambapo vilima vimebaki vipara na kuni ni ugomvi na wenyeji kila wiki, basi nikaanza kuletewa mabua ya tumbaku yanayofagiwa kwenye maghala ya Kanengo, nayatwanga, nayakanda kwa uji wa muhogo, nayafinyanga madonge ya makaa, nayaanika, na Mama, yanawaka! Maharage yanaiva bila ukuni hata mmoja! Mtafiti wa nishati kutoka Lilongwe alipoyaona alishika kichwa, akasema wao wanahangaika kutafuta kitu kama hiki, na sasa ameniita nikayawashe mbele ya wenzake wapime moto na moshi, nami usingizi umenipaa kwa shangwe.

Shida ni kwamba mume wangu Honoré ni mzee wa kanisa, na kanisani kwetu tumbaku ni dhambi hata kuishika, kwa hiyo napika yeye akiwa hayupo, mlango nimefunga na dirisha nimeziba kwa kitenge harufu isiwafikie majirani, na mama mkwe, ambaye hapendi kukaa mbali na moto, anakohoa, juzi akaniuliza, "Antoinette, ile moshi iko na nini? Mi nasikia kizunguzungu," nikamjibu, "Ni baridi tu, mama." Mtafiti naye aliuliza kama kuna anayeugua nyumbani, nikasema hakuna, nikiogopa ataniacha. Niambie, nikienda Lilongwe nitakuwa nimetenda dhambi?

Antoinette, Dzaleka

Antoinette mwanangu, hongera! Nimesoma barua yako nikapiga kigelegele peke yangu. Lakini umeniuliza swali la kanisani ukaruka la jikoni. Wewe unavuta tumbaku? Huvuti. Anayevuta nyumbani kwenu ni mama mzazi wa huyo mzee wa kanisa, tena bila kujua, ndani ya chumba ulichomfungia, kisha unamwambia ni baridi! Huoni haya?

Leo hii makaa hayo yasiwashwe tena ndani. Mwombe mama mkwe msamaha, mpeleke kliniki, umwambie daktari ukweli wote. Honoré naye aambiwe na wewe, kabla hajaambiwa na majirani. Atanuna. Akishanuna, mfuatane kuomba ruhusa ya kutoka kambini, aje aone mkewe anavyoheshimiwa.

Nenda Lilongwe kifua mbele. Ila mficha uchi hazai: neno lako la kwanza mbele ya watafiti liwe kwamba mama mkwe alikohoa na kushikwa na kizunguzungu. Pengine watasema mabua yachomwe kwanza yawe mkaa ndipo yakandwe, pengine wayakatae kabisa mjaribu pumba za mahindi. Hawatakufukuza, maana mikono inayojua kukanda ni yako. Ukinyamaza watakusifu, wataondoka na kazi yako, na kila nyumba itakayowasha makaa yako itakuwa na bibi anayekohoa, naye ataambiwa ni baridi.