Majina Kadhaa

Mwanangu Nyangeta,

Kosa ambalo wengi hulifanya wanapomsikia mzee akitaja majina ya wafu ni kutafuta maana yake. Nimelifanya kosa hilo kwa miaka yangu yote ya kazi, tena nikapewa uprofesa kwa ajili yake. Majina yale yalihitaji mtu wa kuyashika kichwani, basi.

Meseji zangu huzifungui, nimeona. Ndiyo maana nimeomba barua hii ichapishwe gazetini, huenda Mtanzania mmoja huko China akakuonyesha.

Wewe unajua napenda kueleza, nivumilie kidogo. Nilianza na fasihi. Nikaona mashairi yetu mengi yanaongea na watu waliokwisha kufa, nikahamia dini ili niwaelewe hao wanaoongea. Kwenye dini nikakutana na Wachina, watu wenye vitabu vya ukoo, kizazi juu ya kizazi, nikaenda kujifunza lugha yao nikiwa na mvi za kwanza na wewe ukiwa darasa la pili. Wenzangu walisema nahangaika. Mimi niliona nafuata swali lile lile: aliye hai anamshikaje aliyeondoka?

Unamkumbuka yule bibi Mchina wa ghorofa ya chini, kule tulikopanga? Alikuchukua siku ya kufagia makaburi ya kwao, ukarudi na majani kwenye soksi na chungwa mkononi.

“Baba, bibi ameniuliza wa kwetu wanaitwa nani.”

“Nitakutafutia kwenye kitabu,” nikakujibu.

Kitabu gani, mwanangu? Wa kwetu hawajaandikwa popote. Walikuwa mdomoni mwa shangazi yangu, bibi yako Nyangeta, ambaye tulikupa jina lake.

Tuliporudi nchini nilimfuata kijijini kwetu Majita na kinasa sauti. Tulipalilia makaburi nyuma ya mihogo, naye akataja kila aliyelala pale na aliyemzaa. Miaka ikapita, ukaingia chuo, ukakaa benchi la nyuma katika darasa langu. Nikawachezea kanda ile. Katikati ya majina bibi yako akakohoa, akamfokea kuku, “Toka hapo, huna adabu!” kisha akaendelea na wafu wake. Darasa likacheka. Nami nikacheka. Wewe ukatoka, mlango ukauacha wazi.

Ulimwambia bibi yako, na ulikuwa na haki. Aliniita, akanyoosha mkono, nikampa kanda, akaitia motoni chini ya sufuria ya ugali. Sikushtuka sana. Nilijua makala nimeshaandika. Nilipofika nyumbani Nyegezi nikaifungua: maelezo kurasa kwa kurasa, na pale walipostahili kuwapo wazee wetu nilikuwa nimeandika, “Hapa yanatajwa majina kadhaa.”

Majina kadhaa, Nyangeta.

Mwaka uliofuata ukaenda kusoma China, hukurudi.

Juzi nilipanda basi pale stendi ya Buzuruga kwenda kumwona shangazi. Amelala chumba cha mbele, uji anakunywa vijiko viwili, anageuza uso.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, Profesa. Umekuja na kale kadude kako?”

“Sina.”

“Geuza mifuko.”

Nikaigeuza yote, hadi ya koti. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

“Shangazi, nitajie tu. Nitaandika vizuri safari hii.”

“Uandike, halafu mcheke? Wewe wazee uliwapata, ukawapeleka wakachekwe. Niletee wajina wangu. Huyo nitamwambia, hata kwenye simu, mradi nisikie sauti yake.”

Nilipiga magoti, na umri huu. Akafumba macho. Mganga wa zahanati akanisindikiza hadi nje, akaniambia nisihesabu kwamba nikirudi nitamkuta.

Tangu hapo sina raha. Nakaa mezani nikijaribu kuyakumbuka. Ninayo matatu: baba, babu, na mama yake babu, na huyo wa mwisho sina hakika naye. Lakini nasaba za wafalme wa Uchina naweza kukutajia zote kwa mfuatano bila kufungua kitabu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maishani, na mwezi huu inanitia hofu kuliko kifo.

Sikuombi unisamehe. Wala siombi unipe majina hayo. Akikutajia, yakae kwako. Usiniambie hata moja ukitaka, nami sitauliza. Nitakufa bila kuyajua, lakini nitajua kwamba yupo mtu anayeyajua, na kwamba siku mtoto wako akiulizwa wa kwenu wanaitwa nani, hutamtuma kwenye kitabu.

Mama Bwire, jirani wa shangazi, namba yake ni ile ile unayoijua. Nimemwomba asitoke karibu na kitanda. Hutasikia sauti yangu, nitakuwa huku Nyegezi.

Mpigie bibi yako leo.

Baba yako