Kitambaa Juu ya Kompyuta

Kaisho

Mjukuu wangu Asimwe,

Marahaba. Sisi hapa tu wazima. Maharage tumevuna, na mjomba wako ameanza kuanika kahawa.

Unasema kompyuta kuukuu ya ofisini kwenu inazima yenyewe, na wenzako wanadai wewe ndiye unayeiharibu. Nilipokuwa karani mgeni, ya kwetu nayo ilizima hivyo hivyo katikati ya kazi. Mkuu wa ofisi akaniambia, "Binti, ikizima tena, rudi kwenu ukapalilie migomba." Lakini sikukubali kufukuzwa kwa kosa nisilolijua.

Nilijaribu kitu kimoja kimoja. Nikabadilisha waya wa umeme, ikazima. Nikahamia soketi nyingine, ikazima. Ndipo nikagusa boksi lake, likaniunguza. Juu yake kulikuwa na kitambaa kizuri cha kufuma, kama tunavyofunika redio nyumbani, nacho kilikuwa kimeziba matundu ya kutolea joto. Aliyekifuma ni mke wa mkuu mwenyewe!

Nikakitoa, na kompyuta ikafanya kazi asubuhi nzima. Mkuu akaingia.

"Nani ameondoa kitambaa cha mama?"

"Ni mimi, mzee. Naomba ukirudishe, uone."

Alikirudisha, akavuta kiti, akasubiri amekunja uso. Ilipozima, alikikunja taratibu, akakitia mfukoni.

"Mama asijue," akanong'ona.

Kwa hiyo usikubali lawama, mwanangu, kabla hujaipima mashine hiyo mbele ya macho yao.

Bibi yako akuombeaye,
Koku