Salfa Haileti Homa

Kitomanga,
10 Agosti 1998

Mwanangu Restuta, nesi wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mikorosho imetoa maua, na mimi kijiji kizima kinaniita Mama Nesi.

Lakini nina hasira! Ulipoandika baba yako aje Dar kuchanjwa homa ya mafua, kwa vile ana pumu, baba yako mdogo Cletus alicheka. "Shemeji, chanjo ni ya watoto! Tena kaka alichanjwa mwaka jana." Nikamsomea barua yako, kwamba virusi hubadilika na chanjo hurudiwa kila mwaka. Hakusikia, na baba yako akamfuata yeye.

Tulipoanza kupuliza mikorosho ule unga wa salfa wa kuzuia ukungu, baba yako akakohoa. Cletus akasema, "Ni vumbi la salfa hilo, mpe maziwa." Maziwa! Tangu lini salfa ikaleta homa na maumivu ya viungo? Siku ya tatu akashindwa kupumua, tukamkimbiza hospitali. Alilazwa siku tisa kwa hewa ya mtungi. Jana karudi, na chooni haendi bila kushikwa.

Cletus nimemsema mbele ya watu wote.

Ila mwanangu, lipo jambo sikulisema mbele ya watu. Aliyeanza kukohoa humu ndani ni mimi. Nami nilisema ni salfa, nikaendelea kulala naye kitanda kimoja. Mwakani usimwite baba yako peke yake. Tutakuja wawili, na mimi ndiye utakayemchoma sindano kwanza.

Mama yako akupendaye,
Benadetha