Dawa ya Kulainisha Damu

Baraka, tarehe 5 Juni 2023

Mutoto wangu Florentine,

Jambo mama. Kidonda ya opereshoni inafunga? Kachanga kananyonya muzuri? Huku tuko, lakini hatuko wazima. Nakuandikia kwa mukono, jirani yetu Clarisse atapiga karatasi picha akutumie, juu simu inakatika-katika, na hii maneno siwezi kuisema kwa sauti.

Jana ku kanisa baba yako alikuwa anaongoza wimbo. Akanyamaza katikati. Tuliwaza amesahau maneno. Mudomo ukapinda, mukono wa kuume ukalegea, akaanguka juu ya benchi ya bamama. Tuko naye ku hopitali. Dokta Henri anasema ni AVC, ile banaita kiharusi, damu imeharibu kitu ndani ya kichwa. Baba yako ananiangalia, machozi inatoka, lakini hawezi hata kutaja jina yangu.

Utuombee.

Mama yako

Bujumbura, 6 Juni 2023

Mama yangu mupenzi,

Salamu kwako na kwa baba. Kidonda inaanza kukauka, ila bado wananikataza kupanda gari. Nanyonyesha nikilia. Baba anakula? Analala?

Mama, sikia. Unajua moyo yake inapiga mbio, kisha inaruka. Ndani ya moyo kama ile damu inaganda, kipande kinapanda ku kichwa, kinaziba mushipa. Mi ni infirmière, nauguza ku hopitali, bagonjwa kama yeye nabaona kila juma. Banapewa vidonge vya kulainisha damu, isigande tena. Nimevipata. Vainqueur, yule wa kwetu anauzisha ndagala, samaki wadogo, huku Bujumbura, anakuletea. Moja asubui, moja magaribi. Anza ile siku vinafika.

Mutoto wako Florentine

Baraka, 8 Juni 2023

Florentine wangu,

Salamu mingi kwako na kwa bwana yako. Leo niko na habari nzuri. Baba yako alikula uji, vijiko sita. Na sikia hii: kusema hawezi, lakini nilipoanza ule wimbo wa dimanche, wa ku kanisa, aliufuata, na maneno yake yote! Dokta Henri alicheka mpaka akafuta macho.

Nilimuuliza juu ya dawa yako. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu. «Mama Constance, ni dawa yake kweli, lakini si sasa. Hapa hatuna masini ya kuona ndani ya kichwa. Na fasi ya bongo iliyokufa ni kubwa, ingali laini. Tukilainisha damu mapema, itavujia mule mule. Tumupe aspirine kwanza, tungoje siku kumi na mbili.»

Vainqueur bado hajafika. Akifika nifanye nini?

Mama yako

Bujumbura, 9 Juni 2023

Mama,

Natumaini umelala kidogo. Usikasirike nikisema kwa nguvu. Siku kumi na mbili ni mingi! Kipande ingine kinaweza kupanda kesho, na hicho kitamumaliza. Dokta anaogopa juu hana masini. Mi namujua baba, najua moyo yake. Umupe. Kama dokta anakataa, ngoja atoke, kisha umupe.

Ni mi nasema, mama.

Florentine

Baraka, 17 Juni 2023

Mutoto wangu,

Pole. Clarisse ameniambia ulikata simu alipoanza tu kusema, kwa hiyo najua unajua. Baba yako alitutoka tarehe 12, saa nne ya asubui. Tulimuzika Lubondja, pembeni ya mama yake. Bakristo waliimba njia nzima.

Dawa haikufika kwa wakati. Vainqueur alikawia njiani. Usiwaze tena juu ya ile dawa. Kula, maziwa isikauke.

Mama yako

Bujumbura, 20 Agosti 2023

Mama yangu,

Uko aje? Miezi miwili sikukuandikia, unisamehe. Mutoto amenenepa. Tumemupa jina ya baba, Casimir.

Nilikuwa na hasira mingi kwa Vainqueur. Alikuja kutoa pole, nikamufungia mulango. Akarudi, nikamupigia kelele majirani wote wakisikia: «Uliuzisha ndagala zako kwanza, baba akafa!» Jana amekuja tena. Hakugombana. Alisimama inje na kofia mukononi. «Dada, ile dawa nilimupa mama yako mwenyewe, siku ya posho, tarehe 10. Nilifika kwake mbele ya kushusha muzigo.»

Leo nimemuuliza dokta wetu wa kazini, nikamudanganya ni mugonjwa wa muntu mwingine. Alinijibu sawa na Dokta Henri. Ingali laini, alisema. Itavuja.

Mama, ulimupa?

Florentine

Baraka, 2 Septemba 2023

Florentine,

Leo sikuulizi habari. Naijua.

Nilimupa. Vidonge vinne. Cha kwanza nilikisaga ndani ya uji, siku ya posho magaribi, Dokta Henri alipotoka. Kesho yake, dimanche, alikuwa muzuri. Aliniita «Consta». Nikamushukuru Mungu, nikakushukuru na wewe. Tarehe 12 asubui nilimupa cha nne, kisha akashika kichwa, akatapika, akaacha kunijua. Dokta Henri alikuja mbio. «Mama, umemupa kitu?» Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema hapana.

Usiseme ni wewe. Dokta alinielezea polepole kama muntu anaelezea mama yake, na nilisikia. Ila nilitaka arudi upesi, na wewe uliniambia atarudi.

Juzi nilienda kumwambia dokta ukweli. Akasema pengine ile moyo ingemuua vilevile, pengine hapana, hakuna atakayejua. Kisha nikaenda kwa Vainqueur, hapa Baraka, nikapiga magoti mbele ya bibi yake. Ulibakia wewe tu. Nilikudanganya juu ulikuwa unanyonyesha, nikaona afazali umulilie baba yako tu.

Njoo na Casimir. Ukishuka ku gari usianze kuniomba musamaha mbele ya batu, nitashindwa kusimama. Tutapanda wote wawili mpaka Lubondja, tumwambie baba yako yeye mwenyewe.

Mama yako