Alhamisi Ambayo Sikuihesabu

Jumamosi, Aprili 2011. Mvua inanyesha juu ya theluji ya mwisho, ile nyeusi iliyobaki kando ya barabara, na mimi bado nimeketi mezani na nguo zangu za kutokea. Hata kuzivua sina hamu.

Naandika haraka. Saa kumi na mbili jioni Njeri anakuja, na kuna jambo lazima nimwambie. Blogu hii niliianza ili Kiswahili changu kisinikauke, nikawa naandika mambo ya mapishi na baridi. Leo si mapishi.

Nimemdanganya mwanangu, halafu nikamsingizia mtu mwingine.

Njeri ni jirani yetu wa ghorofa ya nne, Mkenya, kazi yake ofisini ni hesabu tupu. Ni mwanachama wa chama cha wanatakwimu cha hapa mjini. Kabla ya kumjua yeye, wanatakwimu niliowajua mimi ni wale wa sensa kule kwetu Kondoa, waliokuwa wakiandika namba mlangoni kwa chaki kisha wanaondoka. Kumbe hapa wana chama kabisa. Kila mwezi wanakutana chuoni, mmoja anasimama anaeleza kazi yake, wenzake wanamchambua mpaka kahawa inapoa. Na kila mwaka wanawaita watoto wa shule: chagua swali lako, nenda kahesabu, chora bango, uje utueleze.

Tulikuwa chumba cha kufulia, Njeri anakunja mashuka yake, ndipo akamwambia binti yangu Hadija, "Wewe na hayo maswali yako yote, si uende ukawasumbue wale wazee?"

Hadija ana miaka kumi. Swali halikumchukua dakika. Jengo letu hapa mtaa wa Mount Dennis lina lifti mbili. Moja imekufa tangu mdogo wake hajazaliwa, nyingine ina maringo. Sisi tuko ghorofa ya kumi na moja na tuna mtoto wa kigari. Akataka kujua watu wanaingoja lifti muda gani asubuhi, na siku gani ni mbaya kuliko zote.

Wiki mbili aliamka mapema, akakaa kwenye korido na simu yangu. Mtu akibonyeza kitufe anaanza kuhesabu, mlango ukifunguka anaandika. Majirani wakamzoea. Mzee wa Kijamaika wa mlango wa pili kila akipita anamuuliza, "Mimi leo nimepata ngapi?" Akiambiwa dakika tisa anasema kabla yake kuna watakatifu waliongoja zaidi.

Alhamisi ya wiki ya pili alikuwa na mazoezi ya kwaya asubuhi shuleni. Akaniachia fomu. "Mama, leo wewe. Usimruke mtu hata mmoja."

Sikukaa hata dakika tano. Msimamizi wangu wa kazi ya usafi alipiga simu, mwenzangu anaumwa, nikambeba mdogo nikampeleka kwa mlezi, nikakimbilia kazini. Jioni ndani ya basi nikaitoa ile fomu. Safu nzima nyeupe.

Ningeiacha hivyo hivyo, lakini mimi nimeishia darasa la saba, na shuleni kwetu jibu la kukosea lilikuwa fimbo moja, nafasi iliyoachwa wazi fimbo tatu. Hujui? Andika chochote. Mkono wangu haujasahau. Nikaandika dakika tatu, nne, tatu, nne, tatu na nusu. Niliziona nzuri, hazina fujo.

Hadija alipoiona fomu akanikumbatia. Akasema nimeandika vizuri kuliko yeye.

Ingeishia hapo pengine ningeisahau. Lakini mtoto akazikalia zile namba. Siku chache baadaye akaja jikoni macho yanang'aa, amegundua jambo. Alhamisi ya kwanza lifti ilikuwa vurugu, ya pili ilikuwa na adabu. Kwa nini? Akakumbuka Jumatano iliyoitangulia alimwona fundi na sanduku la vifaa. Basi, akasema, fundi akija lifti inatulia. Wenye jengo wakimleta kila wiki, Mama, hutabeba tena kigari kwa ngazi. Akaipaka ile Alhamisi rangi ya kijani, na wazo lake akaliandika kwa herufi kubwa katikati ya bango.

Nilikuwa namenya viazi. Niliendelea kumenya.

Leo tumekwenda. Mabango yamebandikwa ukutani ukumbi mzima, watoto wamesimama kila mmoja mbele ya lake. Aliyekuja kwetu ni mzee wa kama miaka sabini, sweta yake imetoboka kiwiko. Alipiga goti ili awe sawa na Hadija. Alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kwenye habari za yule Mjamaika. Kisha akaweka kidole kwenye kijani.

Akasema siku nyingine zote kuna aliyengoja nusu dakika na kuna aliyengoja dakika kumi na moja, ndivyo lifti zilivyo. Siku hii wote wamengoja karibu sawa. Nani alihesabu?

"Mama yangu," Hadija akasema, kifua mbele.

Yule mzee akaniinulia macho. Hakunituhumu. Aliniuliza kama siku hiyo kulitokea tatizo lolote, maana siku huwa na matatizo yake, na wao safu tupu hazijawahi kuwasumbua, wanazipata kila mahali. Alinifungulia mlango kabisa, mtu ni kutoka tu. Kiingereza changu kilitosha kuelewa kila neno.

Nikasema, nilihesabu.

Akaitikia kwa kichwa. Akamwambia Hadija swali lake ni zuri sana, ila airudie Alhamisi kabla hajamwandikia mwenye jengo. Zawadi ilikuwa nafasi katika darasa lao la likizo. Wakapewa wengine.

Hadija hakulia mpaka tulipopanda basi. Akaongea Kiingereza mfululizo, kama afanyavyo akiwa na uchungu. Alisema yule mzee hakuniamini kwa sababu ya ninavyoongea, na kwa sababu ya mtandio wangu. Mama za wengine mbona hawakuulizwa?

Mimi nimefuatwa na walinzi madukani. Nimerudishiwa fomu ambazo hazikusomwa. Hayo ni ya kweli na nayajua kwa majina ya mitaa. Nikauchukua uchungu wa siku zote hizo, uchungu wa halali kabisa, nikaufunikia uongo wangu. Nikamwambia, "Ndivyo walivyo, mwanangu. Zoea."

Mtoto wa miaka kumi nimemwambia zoea.

Hatujavua viatu simu ikalia, Njeri. Alikuwa upande mwingine wa ukumbi, hakuona kitu. Hadija akamweleza yote alivyoyaelewa. Nilipopewa simu Njeri alikuwa amekwisha kuwaka. "Hiyo ni madharau, Mama Hadija. Siwezi kaa kwa chama kinafanyia watoto wetu hivyo. Jumatano wakikutana nitasimama, na huyo mzee atanieleza mbele ya wote. Nakuja jioni, unipe neno kwa neno."

Yule mzee aliyepiga goti.

Nimemwita Hadija jikoni, nimemwambia. Yote, ile fomu, zile namba, na la kwenye basi pia. Sikulia, sikutaka anionee huruma akaharakisha kunisamehe. Kitu cha kwanza alichosema: "Kwa hiyo kuhusu fundi sijui chochote."

Nikamwambia hapana, hujui.

"Na mengine unayoniambia?"



Ameliweka bango mezani, kijani kinanitazama. Nimemwambia aende chumbani kwa mdogo wake, mimi na Njeri tuna mazungumzo ya watu wazima. Hakuondoka. Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, "Nakaa hapa. Nataka nikusikie ukimwambia."

Sina cha kumkatalia. Nimetenga vikombe vitatu. Najijua, nitatamani kuanza na msimamizi, na mwenzangu aliyeumwa, na basi lililojaa, na fimbo za darasa la saba, mpaka Njeri mwenyewe aseme pole dada. Mtoto atakuwa ananiangalia mdomo. Je, nitaweza kuanza na neno moja tu, sikuhesabu, kisha nikanyamaza?