Kaka amenipa funguo nipeleke benki, nami nimebadilisha kitasa

Skrubu mbili zilishatoka na ya tatu ilikuwa inagoma kwa kutu ndipo mama akauliza kutoka ndani nani huyo anagongagonga mlango, nikamwambia ni mimi mama, natia kitasa mafuta, akasema haya mwanangu, akaendelea na cherehani yake. Nilimdanganya. Nilikuwa natoa kitasa kizima cha mlango wa mbele na kuweka kingine kinachofanana nacho, rangi ile ile, ila funguo zake nyingine. Mshauri, nakuandikia kwa sababu sijui nilichofanya ni kizuri au ni kosa, na mtu wa kumuuliza sina.

Mimi ni fundi wa vitasa. Shule niliachia darasa la tano, kusoma nasoma kwa kidole, kwa hiyo utanivumilia. Kuongea mbele za watu siwezi, hata nyumbani wananiita Bubu kwa utani, lakini kuangalia naangalia. Kazi yangu nyingi inatoka kwa afisa mmoja wa benki, yule wa mikopo ya nyumba, ananipigia anasema mtaa fulani, geti rangi fulani, saa nne, mimi nakwenda natoa kitasa cha zamani naweka kipya, nampa funguo, basi. Kuna nyumba ambazo watu wametolewa kwa mnada, hizo zina kelele na magodoro nje. Kuna ambazo watu wamezikabidhi wenyewe, hizo huwa kimya, unakuta sakafu imepigwa deki na funguo zimepangwa dirishani jikoni, kila moja na kikaratasi chake, stoo, choo, geti, kama mtu anamwachia mgeni.

Mwaka jana nilibadilisha kitasa kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyetoa nyumba yake hivyo hivyo kwa hiari. Alisimama pale nikifanya kazi, na nilipomaliza akamwambia afisa, sasa sisi tumemalizana, na afisa akasema asante kwa ushirikiano wako mwalimu. Hakusema ndiyo wala hapana, hilo niliona. Miezi saba baadaye mwalimu akaja kibandani kwangu na barua, akaketi kwenye stuli ya wateja, akaniuliza, kijana, si ulikuwepo nilipotoa funguo, nikasema nilikuwepo, akasema basi naomba uniandikie hivyo, nikamwambia mwalimu mimi kuandika sijiwezi, akanipa ile barua niisome. Niliisoma muda mrefu na yeye akanisubiri bila kunisaidia hata neno moja, kama bado yuko darasani. Ilisema nyumba imeuzwa na bei haikufika deni, na juu yake kuna gharama za dalali, na za mlinzi aliyelinda nyumba ikiwa tupu, na riba ya miezi yote mpaka ilipopata mnunuzi, na kitasa nacho kimeandikwa, kitasa changu mimi, kwa bei mara mbili ya niliyolipwa. Kinachobaki alipe mwalimu, na akishindwa alipe mdhamini wake, ambaye ni mdogo wake wa kike mwenye saluni. Mwalimu alisema mdogo wake hapokei tena simu zake.

Sasa jambo lenyewe ni la kaka yangu mkubwa. Yeye anatengeneza mashine kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, zamu zimepunguzwa, analipwa nusu, na mkopo wa nyumba una miezi minne haujaguswa. Nyumbani pale yupo yeye na shemeji na mama yetu, na mimi nina chumba cha nyuma. Kaka anaogopa kitu kimoja tu, lile tangazo la mnada kubandikwa getini watu walisome. Jirani yetu muuza vipuri alishakuja kistaarabu akauliza kama nyumba inauzwa, kaka akamwambia asubiri afe kwanza, tangu siku hiyo hawasalimiani. Wiki iliyopita tukiwa mezani kaka akasema ameamua, ataikabidhi nyumba benki mwenyewe, kwa heshima. Shemeji akauliza na sisi twende wapi. Kaka akasema tutapanga vyumba viwili, deni litakuwa limekwisha, tunaanza upya.

"Kabla hawajanivua nguo barabarani," akasema, "nitavua mwenyewe chumbani."

Halafu akanigeukia akacheka, akasema Bubu ndiye atakayepeleka funguo, si ndiye mtu wa benki huyu, wanampa mpaka chai. Wakacheka wote, nami nikacheka. Habari ya mwalimu ilifika hapa kooni ikakaa, nikachukua sahani nikaenda kuosha.

Kuna kitu kingine kinachonitesa kuliko hicho. Siku kaka anachukua mkopo, mdhamini alikuwa mama. Mama ana kiwanja chenye vyumba viwili vya kupangisha alichoachiwa na marehemu baba, kodi yake ndiyo inanunua dawa zake za presha. Aliambiwa anasimama kama shahidi tu, mama hajui kusoma, akaweka kidole. Kopo la wino nilishika mimi, na kidole chake nilikifuta mimi kwa kitambaa changu cha kazi. Alisema wino huu haufutiki vizuri, nikamwambia utatoka kwa sabuni.

Kaka amenipa bahasha yenye funguo zote nikae nayo. Fomu ya benki iko kwenye droo ya kabati, hajaitia saini, anasema ataisaini tarehe thelathini tukishahamisha vitu, halafu nipeleke fomu na funguo pamoja, yeye hataki kuonana na mtu. Ndiyo nikabadilisha kitasa. Mlango wa mbele kwetu hakuna anayeufunga kwa funguo, mchana mama yupo na usiku tunatia komeo kwa ndani, kwa hiyo mpaka leo hakuna aliyegundua. Nilifikiri benki wakija na zile funguo zikakataa, itakuwa nyumba haijakabidhiwa, maana katika kazi yangu nimeona mwenye funguo zinazofungua ndiye mwenye nyumba. Ila kila nikipita pale mlangoni nakitazama kile kitasa na naona kama nacho kinanitazama.

Naomba uniambie nifanyeje. Nikisema, kaka ataona namfundisha maisha, na afisa akijua natoa habari za wateja wake kazi nimepoteza. Nisiposema ni mama. Naishia hapa, afisa ameshapiga simu mara mbili, kuna nyumba watu wametoka asubuhi hii na haiwezi kufungwa mpaka niende.

Mimi, Fundi Bubu

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili kwa hasira kidogo. Umeona kwa macho yako jambo ambalo watu wenye vyeti ukutani huja kulijua wakishachelewa, kisha badala ya kulisema kwa mdomo ukaenda kulisema kwa bisibisi.

Kitasa hakimlindi mama yako. Benki inachukua nyumba kwa saini, na kaka yako akishaitia ile fomu saini, hizo funguo zinaweza hata kuwa za kabati la nguo, hakuna kitakachobadilika. Na wakikuta mlango umegoma, unadhani watampigia nani simu? Watakupigia wewe, mtaa fulani, geti rangi fulani, saa nne. Utakwenda kuvunja kitasa chako mwenyewe mbele ya afisa, na kaka yako ataonekana tapeli kwa jambo asilolijua. Rudisha kile cha zamani leo, na safari hii kitie mafuta kweli ili maneno uliyomwambia mama yawe ya kweli.

Kosa la kaka yako ni kudhani kuitoa nyumba ni kulilipa deni. Hayo ni mambo mawili. Nyumba ikishakuwa mikononi mwa benki, yeye hana tena sauti juu ya bei, na saa ya riba haisimami siku anayohama, inaendelea mpaka mnunuzi apatikane. Gharama zote njiani zinaandikwa kwake, kama ulivyoona kitasa chako. Bei ikipungua, pengo ni lake, na likimshinda wanakwenda kwa aliyeweka kidole. Sisemi kukabidhi kwa hiari ni upumbavu siku zote. Wapo waliotoka salama, lakini hao walipata kwanza karatasi ya benki yenye mhuri inayosema salio limefutwa na mdhamini ameachiliwa. Afisa akijibu "asante kwa ushirikiano", hilo si jibu, na wewe ulilinasa siku ile ile ukiwa na bisibisi mkononi. Kwa hiyo usiniambie huna akili ya mambo haya.

Fomu isisainiwe. Hilo ndilo la kwanza, tarehe thelathini ije ipite. Chukueni mkataba wa mkopo na ile karatasi ya mama, mwende kwenye ofisi ya msaada wa kisheria wanakosikiliza watu bure, mkaambiwe neno kwa neno mama aliahidi nini, maana mikataba haifanani na mimi wa kwenu sijauona. Semeni pia kwamba aliambiwa ni shahidi. Pengine litasaidia, pengine halitasaidia, lakini lisemwe. Kaka yako naye aiandikie benki barua, aambatanishe ya kiwanda kuhusu zamu, aombe marejesho ya kila mwezi yapunguzwe na muda uongezwe. Mtu aliyenyamaza miezi minne benki humhesabu kama aliyekimbia.

Na benki ikikataa, auze mwenyewe. Yule muuza vipuri alibisha hodi kistaarabu akatukanwa, basi kaka yako ameze mate aende akamwombe radhi. Nyumba yenye watu ndani na pazia dirishani inapata bei ambayo nyumba tupu yenye mlinzi haiipati. Atafute mthamini wake wa kuipima nyumba bei, asitegemee wa benki pekee, benki ikubali mauzo kwa maandishi, na malipo yapitie huko huko deni likatwe. Mambo ya tangazo getini nayaelewa, aibu inauma, lakini karatasi ya getini inabanduka. Ya kidole cha mama haibanduki kirahisi hivyo.

Shemeji yako ndiye aliyeuliza swali pekee la maana mezani pale na hakujibiwa. Anza kwake. Mweleze habari ya mwalimu mkiwa wawili, halafu nendeni kwa kaka pamoja. Mama naye aambiwe, na mapema, asije akaisikia kwa dalali. Ulimshikia wino bila kujua, kwa hilo sikulaumu. Sasa unajua.

Mwalimu mstaafu usimwache. Kuandika huwezi, lakini kusema ulichosikia mlangoni unaweza. Yeye aandike, akusomee, na ukikuta ni kweli tupu utie jina lako. Kazi ya afisa inaweza kweli kupotea, sitakuficha. Milango ni mingi, na mingi inaharibika bila kusubiri benki.

Sasa najua utasema maneno yatakwama tena kooni. Haya, jina lako sikuliandika kwa sababu hukunipa, lakini kaka yako atajitambua akifika mstari wa tatu. Kata ukurasa huu, ukunje, utie ndani ya ile bahasha ya funguo, umrudishie mkononi mwake na umwambie kuna kitu ndani asome kabla ya kusaini. Hayo ni maneno machache, utayaweza. Kisha nenda ukaketi karibu na cherehani na umsomee mama, kwa kidole hivyo hivyo, polepole. Anzia pale ulipokuwa umeshika kopo la wino.