Bakuli Nililolirudisha Giurgiu

Jumanne, 3 Februari 2009

Nimeamua. Keshokutwa nitavuka daraja la mto kwenda Giurgiu, upande wa Rumania, kwa shemeji yangu Domnica. Mke wangu Viorica alifariki mwezi wa Oktoba, na tangu hapo nimekuwa nikiahirisha — kwanza mvua, halafu kifua changu, halafu Noeli. Visingizio vya mzee.

Nayaandika hapa maneno yake, yasije yakanipotea. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya blanketi. Akasema: "Klement, wewe utaniombea kwa namna yenu Wakatoliki, najua. Lakini Jumamosi ya Wafu nataka mtu wa damu yangu aniwashie mshumaa kaburini. La sivyo nitakaa gizani." Nilitaka kumweleza kwamba mapadre wa misheni walitufundisha vingine juu ya wafu na giza lao. Nikanyamaza. Namshukuru Mungu kwamba nilinyamaza.

Watoto hatukujaliwa. Mtu wa damu yake aliyebaki duniani ni mmoja tu, dada yake huyo, nao hawakusemezana tangu mama yao alipozikwa, kipupwe cha mwaka themanini na tano.

Jumamosi ya Wafu ya Waorthodoksi mwaka huu inaangukia tarehe 21.

Alhamisi, 5 Februari 2009

Nimerudi. Nimechoka, lakini niandike kabla ya kulala.

Basi la saa mbili asubuhi. Dereva ni Plamen, kijana mwenye ulimi. Aliponiona tu: "Mzee, suti na tai! Unakwenda kuposa Rumania?" Nikamjibu kwamba nilikwisha kuposa huko, mwaka sitini na tatu, na nikapewa. Abiria wakacheka. Nami nikacheka — kisha nikageuka kuutazama mto.

Karibu nami aliketi Bibi Sanda, Mromania aliyeolewa huku kwetu Ruse. Kila Alhamisi hupeleka jibini kwenye soko la Giurgiu na kurudi jioni. Ni mwanamke mkarimu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Namwomba radhi kwa kusema hivyo.

Domnica hakunikaribisha ndani. Tuliongea langoni, chini ya mzabibu mkavu.

"Umekuja kuniambia amekufa? Nilishaambiwa. Sokoni walijua kabla yangu!"

Nikaomba radhi. Nikamweleza juu ya mshumaa, kwa maneno niliyoyapanga njia nzima. Alinisikiliza huku akiutazama ufunguo mkononi mwake. Kisha akasema kwamba mama yao alimwosha yeye peke yake, akamvika peke yake, akamlilia peke yake. Dada yake alikuwa wapi?

"Alikuwa darajani, shemeji. Nilikuwa naye. Karatasi yake ya kuvukia ilikosa muhuri. Alisimama pale hadi jioni, walinzi wakamrudisha."

"Mto uliganda mwaka ule, Klement. Mbwa walikuwa wanavuka! Angetaka, angevuka kwa miguu."

Ni kweli mto uliganda. Ni kweli pia kwamba walinzi walikuwa na bunduki pande zote mbili — lakini hilo si neno la kumtamkia mwanamke aliyefiwa, tena langoni kwake. Nikavua kofia, nikaaga.

Nilipofika pembeni mwa barabara akaniita. Akaja na bakuli la kabichi zilizoviringishiwa nyama, limefungwa kwa taulo jeupe. Akasema tu, "Chukua." Nikakataa mara ya kwanza, kama adabu inavyotaka. Nikakataa na mara ya pili. Mara ya tatu nikapokea, nikamshukuru sana, nikamwambia asingejisumbua. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa. Kisha akaingia ndani.

Hata hivyo — chakula! Mwanamke asiyetaka kukuona hakupi chakula.

Jumapili, 8 Februari 2009

Baada ya Misa nimemaliza kabichi. Zilikuwa na ladha ile ile ya mapishi ya Viorica, yenye bizari kidogo kupita kiasi. Ilinibidi niweke uma chini, nisubiri kidogo, niushike tena.

Nimeliosha bakuli. Ni jipya kabisa, hata kibandiko cha duka bado kilikuwa chini yake. Nimekibandua kwa maji ya moto. Taulo nimelifua na kulipiga pasi. Marehemu mama yangu, pale kijijini Oresh, alikuwa akisema chombo cha jirani hakilali kwako wiki mbili, wala hakirudi kitupu. Nitalijaza jozi za mti wetu, zile alizozianika Viorica mwenyewe kabla hajaugua.

Jumatano, 11 Februari 2009

Mvua ya barafu. Nimevunja jozi mchana kutwa. Vidole vinauma. Nina furaha kidogo — namwomba Mungu msamaha kwa furaha hiyo.

Alhamisi, 12 Februari 2009

Nimeharibu kila kitu.

Domnica alifungua lango mwenyewe, kabla sijagonga. Nadhani alikuwa dirishani. Alikuwa amevaa kitambaa cheusi kichwani, ambacho wiki iliyopita hakukivaa. Nikamnyooshea bakuli kwa mikono miwili, nikasema, "Shemeji, nakurudishia chombo chako, kwa shukrani nyingi."

Akalitazama. Uso ukampauka.

"Umelirudisha?"

Nikamwambia lina jozi za Viorica. Nilidhani nazidisha wema!

"Hata sasa anakataa," akasema. "Hata akiwa chini ya udongo, hataki kitu kutoka kwangu."

Akafunga lango. Hakulibamiza — alilifunga polepole, na ilikuwa vibaya zaidi. Nilisimama na bakuli. Mwishowe nililiweka juu ya ukuta, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Jioni, ndani ya basi, Bibi Sanda aliniuliza kama nimeona jini. Nikamsimulia. Akaacha kula mbegu zake.

"Ngoja, mzee. Bakuli lilikuwa jipya?"

Jipya.

"Na taulo? Jipya? Na ulipofungua taulo hukukuta mshumaa mdogo?"

Nilikuta kipande cha mshumaa, ndiyo. Nilidhani kimedondokea humo kwa bahati mbaya. Nimekiweka kwenye droo ya jikoni.

"Yesu na Mariamu!" Basi zima likageuka. "Ile ni sadaka ya marehemu, mzee! Alimtolea dada yake! Chakula, bakuli, taulo, vyote ni vya marehemu huko aliko. Unachokipokea huku ndicho anachokipokea yeye kule. Hukatai hata mara moja! Husemi ahsante! Unasema Mungu amrehemu, unakula, na bakuli unakaa nalo mpaka ufe! Na wewe umeliosha, taulo umelipiga pasi, umemrudishia mlangoni!"

Plamen akasema kutoka mbele: "Mama Sanda, mwache babu wa watu."

"Simwachi! Miaka arobaini na kitu na mke Mromania, hajui bakuli!"

Amesema kweli. Viorica alikuwa akitoa sadaka zake kwa majirani, nami nilikuwa nikienda bustanini ili nimpishe, kwa kuwa mambo yale hayakuwamo katika katekisimu yetu. Niliiita heshima. Mabakuli yetu yalikuwa yakipungua kabatini mwaka hadi mwaka, na mimi nilidhani yanavunjika.

Jumamosi, 14 Februari 2009

Sikutoka. Nimewaza jambo moja tu. Domnica alikwisha kusamehe. Alhamisi ile ya kwanza, nilipofika pembeni mwa barabara, alikwisha kusamehe! Alikimbia dukani lini? Au bakuli lilikuwa tayari tangu Oktoba, likingoja mtu wa kulipokea?

Nilimwendea padre wetu. Alianza kutabasamu kwa habari ya jozi, kisha akaacha. Akasema kanisa halikatazi kula kabichi kwa ajili ya wafu. Padre Isidoro aliyenifundisha angesema vingine, nadhani. Namwomba radhi Padre Isidoro, lakini safari hii ningependa kukosea pamoja na mke wangu.

Jumanne, 17 Februari 2009

Homa kidogo. Theluji.

Nilikwenda nyumbani kwa Bibi Sanda kumwomba ushauri, nikiwa na nia ya kwenda tena Alhamisi. Akakataa kabisa. "Wewe kaa! Ukienda wewe utaomba radhi mpaka akufungulie mbwa. Nitakwenda mimi. Nitamwambia ukweli, kwamba wewe ni Mkatoliki na hujui kitu."

Nikamwambia asiliseme kwa namna hiyo. Akasema hakuna namna nyingine.

Alhamisi, 19 Februari 2009

Nilimngoja Bibi Sanda kituoni jioni. Alishuka na mikebe yake mitupu.

Alimweleza yote. Domnica alisimama langoni akasikiliza, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Jozi amezimwaga? La, alizila. Bibi Sanda aliona maganda laini ya ndani mezani, dirisha likiwa wazi. "Na alilia?" nikauliza. "Mzee, yule halii mbele ya mtu. Anakaza taya tu." Halafu, Sanda alipokuwa akiondoka, Domnica aliuliza jambo moja: kama mabasi yanavuka Jumamosi.

Tumelijadili swali hilo hadi miguu ikaganda. Bibi Sanda anasema maana yake atakuja. Mimi sidhani. Domnica ni mwanamke wa miaka sabini na minane, hajavuka daraja lile maisha yake yote. Nadhani anataka kujua kama mimi nitakwenda kumchukua. Ndivyo ingempasa kufanya mtu mwenye adabu. Mgeni wa heshima haachwi asafiri peke yake kwenda msibani!

Sina namba yake ya simu. Jumamosi nitapanda basi la kwanza.

Jumamosi, 21 Februari 2009

Naandika ndani ya basi. Mwandiko mbaya.

Tumeondoka Ruse kwa kuchelewa. Nimevaa koti zito. Mishumaa ninayo mfukoni, ya nta halisi. Nimejizoeza usiku kucha: Mungu amrehemu. Mungu amrehemu. Sitasema ahsante kwa lolote leo.

Darajani. Tumesimama. Upande mmoja wa barabara unatengenezwa, na malori yamejipanga mpaka sijui wapi. Mto hauonekani, ukungu mtupu. Plamen amezima injini. Anasema huenda nusu saa, huenda zaidi.

Bado.

Upande wa pili nao umesimama. Basi linalotoka Giurgiu limefika sambamba na letu, dirisha kwa dirisha, ningeweza kuligusa kwa fimbo. Limejaa wanawake wenye vikapu — leo ni siku ya wafu kwa kila mtu.

Ni yeye.

Kiti cha tatu. Kitambaa cheusi. Anatazama mbele, mgongo umenyooka, kama mtu anayepigwa picha. Amekuja. Bibi Sanda alisema!

Nimegonga kioo. Nimevua kofia. Ameniona. Hakushtuka — ameniangalia kwa muda, akajionyesha kifuani kwa kidole, kisha akaonyesha kule ninakotoka. Kana kwamba anauliza: mimi naja, wewe waenda wapi?

Nimemwendea Plamen.

"Niwie radhi, mwanangu. Nifungulie mlango. Yule ni shemeji yangu."

"Mzee, darajani hakuna kushuka. Watanichukulia leseni."

"Nakuomba."

"Hata angekuwa mama yangu mzazi! Rudi ukae, babu. Tafadhali. Utamkuta jioni."

Jioni! Makaburi hufungwa saa kumi. Naye hajui aendako. Ataingia lango kuu, kwa Waorthodoksi, atamtafuta dada yake huko. Mimi nilimlaza kwa wazazi wangu, sehemu ya Wakatoliki, nyuma ya ukuta. Jiwe bado. Kuna msalaba wa mbao tu, usio na picha, na jina lake limeandikwa kwa herufi zetu, si zile za Kirumania. Domnica hajui hata moja ya herufi hizo. Atapita mbele ya dada yake na hatamjua.

Madirisha haya hayafunguki. Nimepiga kelele, mimi, mbele za watu: nyuma ya ukuta! Msalaba wa mbao! Anaweka mkono sikioni. Anatikisa kichwa. Midomo yake inasema kitu, neno refu, tena, na tena — wala sijui kama ananijibu au anaanza kuomba.

Abiria wa kule wamegeuka wote. Kijana mmoja ananielekezea simu yake, anacheka.

Nimeonyesha kwa mikono: ukuta. Nyuma. Mbao. Ameitikia kwa kichwa, taratibu, kama watu wanavyomwitikia mgonjwa.

Malori ya mbele yao yameanza kwenda.

Plamen hanitazami. Nimesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Namwomba tena.

Basi lao linasogea. Letu bado.